Gauni la Mzigoni

Katumba, Jumatano, jioni

Mwanangu Jenerosa,

Nimekaa hapa mlangoni na karatasi nilizochana katikati ya daftari la mdogo wako. Usimwambie. Maharage yako motoni, nawe umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Nikisikia sauti yako njiani nitazificha karatasi hizi chini ya mkeka, kwa hiyo ukikuta mahali mstari umekatika ghafla, ujue ulikuwa unakuja.

Mambo ya sabuni, kufuli na kukaa dirishani au mbali na dirisha nimemwachia baba yako. Kibali chako cha kutoka humu makazini mwa wakimbizi kiko mfukoni mwake tangu juzi, na kila akipita hapa anakipapasa. Ana mashauri mengi na amepanga kuyatoa kesho njiani akisukuma baiskeli kwenda Mpanda. Msikilize, anafurahi akisikilizwa. Mimi mwaka jana nilikushauri mpaka ukashuka kwenye treni, basi zamu yangu imekwisha.

Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishwa kukiandika kwenye ngumbaru. Kirundi nakisema tu. Tena yapo mambo ambayo kwa Kirundi mdomo wangu unakataa kuyatamka, maana yalinipata katika lugha hiyo. Kwa Kiswahili yanapita, kwa shida, lakini yanapita.

Katika nyumba hii sote tunajua tunaogopa nini kuhusu kesho, na hakuna anayelitaja. Tunaogopa kwamba treni ikishaondoka moyo wako utaanza tena kwenda mbio, mikono itakufa ganzi, pumzi itakataa kushuka, nawe utachukua begi lako na kushuka kwenye stesheni ya porini kama ulivyofanya. Shule imekushikia nafasi mara hii ya pili kwa huruma tu. Ya tatu haipo. Nalisema wazi kwa sababu nimejifunza kwamba jambo lisilotajwa ndani ya nyumba hunenepa.

Nianze na mzigo. Unaujua, ule uliokaa nyuma ya mlango tangu hujazaliwa, umefungwa kwa kitenge cha kijani. Ulipokuwa mdogo ulidhani kila nyumba ina mzigo nyuma ya mlango kama inavyokuwa na jiko. Siku moja ulirudi kutoka kwa kina Sabina ukaniuliza, "Mama, mbona wao hawana mzigo? Wao hawatakimbia?" Nikakujibu kwamba wao ni wazembe. Jibu lile linaniuma mpaka leo. Kwanza Mama Sabina si mzembe, uwanja wake unafagiliwa kuliko wetu. Pili, yeye na mumewe walikimbia kwa njia ileile tuliyokimbilia sisi, wakaona tuliyoyaona, lakini walipofika huku waliamua kukaa. Mimi nilifika tu, sikukaa.

Ndani ya mzigo kulikuwa na sufuria ndogo, kisu, chumvi, kiberiti kwenye mfuko wa nailoni, chupa ya maji niliyoichomeka pembeni nikaibadilisha kila Jumamosi bila kufungua fundo, na gauni lako. Kila ulipokua nilitafuta jingine la kukutosha nikaliweka mle, na lililotangulia likapewa mtoto wa jirani likiwa bado jipya. Krismasi wenzako walikuja kanisani wamependeza, wewe ukavaa la zamani lenye kiraka kwapani, na zuri lilikuwa nyuma ya mlango likinuka kiberiti. Ulikuwa unaliomba. "Leo tu, Mama, halafu nitalirudisha." Nikasema hapana, hilo ni la siku ile. Wala hukuniuliza siku ile ni siku gani. Ulikuwa umeshaelewa, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Sasa nikuambie wazo la gauni lilikotoka. Tulipokimbia mauaji kwetu nilikuwa na umri kama wa mdogo wako. Sitakusimulia yote, mengine hayana faida kwako. Nitakusimulia moja. Mdogo wangu Silvesteri alitoka nyumbani na shati tu. Hapakuwa na muda wa kutafuta kaptura. Alitembea hivyo njia nzima, analivuta lile shati chini kwa mikono miwili kwa aibu, ingawa hakuna aliyekuwa anamtazama. Tulipofika huku, mvua za kwanza zilimkuta anakohoa, na hakumaliza msimu. Watu wazima walisema ni kifua, na huenda kilikuwa kifua kweli. Lakini mimi niliamua, kwa akili yangu ya kitoto, kwamba angekuwa na nguo angepona. Akili ile haikukua pamoja nami. Nilipopata mtoto wangu mwenyewe nilimtafutia nguo kabla sijamtafutia jina, nikaifungia mzigoni.

Halafu kuna habari ya mashine, ambayo unaijua, lakini sijawahi kukueleza niliyoyawaza baadaye. Ulikuwa hujaanza kutambaa vizuri. Nilikwenda kusaga, nikakuweka juu ya gunia karibu na miguu yangu, nikawa kwenye foleni naongea na wenzangu vizuri tu. Injini ikapiga mlio mmoja mkubwa, paa! Nilipopata fahamu nilikuwa porini, nyuma ya kichuguu, magoti yana damu, moyo unagonga mpaka masikioni, na mikono yangu mitupu. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ni kweli, lakini hawakusema kwamba wakati wa kushtuka anaweza kumwacha mtoto.

Sikuweza kurudi, miguu ilikataa. Nilikwenda nyumbani kwa njia ya vichochoro nikajifungia ndani. Jioni Mama Sabina alibisha hodi, debe la unga kichwani, wewe mgongoni. Akalitua debe, akasema, "Unga wako huu. Na huyu naye wako, nadhani." Hakumwambia mtu, wala hajawahi kunitania kwa jambo lile, na Mama Sabina hutania hata msibani. Hapo ndipo nilipojiapiza kwamba sitakuondoa machoni pangu tena. Watu waliona upendo, na upendo ulikuwepo, mwanangu, tena mwingi. Ila aliyekuwa ameshika usukani alikuwa mwingine.

Sikuwahi kukiita kitu kile hofu. Nilikiita uangalifu. Nililala na viatu, nikakufundisha ulale na viatu. Nilipanda maharage, karanga na mchicha, vitu vya kuvunwa upesi. Baba yako alipoleta mche wa parachichi nikaung'oa asubuhi yake, nikamwambia ni mbuzi aliyeung'oa. Parachichi linangojwa miaka, na mimi sikuwa na miaka, nilikuwa na wiki hii na wiki ijayo. Baba yako hakugomba. Alitafuta mche mwingine akaupanda kule nyuma ya choo cha zamani nisikofika, na siku ulipozaa akaniletea tunda mezani. Nililila. Lilikuwa tamu, na nikakasirika zaidi.

Basi mwaka jana nikakusindikiza stesheni na vyote hivyo kifuani. Ulikuwa umekaa vizuri, umetabasamu, nakumbuka. Nikashika dirisha. Nikasema angalia wezi, usinywe maji ya mtu, usilale, usimwambie mtu unakotoka, ukiona askari tulia, ukiona watu wanakimbia na wewe kimbia. Treni ikaanza kutembea nami nikatembea nayo, ikaongeza mwendo nami nikakimbia kwenye kokoto, bado nasema. Neno la mwisho ulilosikia kutoka kwangu lilikuwa "kimbia." Nikarudi nyumbani nikidhani nimefanya kazi ya mama.

Uliporudi na treni iliyofuata, ukatokea kwenye njia ya mihogo na begi kichwani, baba yako aliinama chini kama anaokota kitu. Mimi nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Majirani walidhani nashukuru kwa kuwa umerudi mzima. Jenerosa, haya ndiyo maneno magumu kuliko yote katika barua hii, nimeyazunguka tangu maharage yalipoanza kuchemka. Nilifurahi kwamba umeshindwa. Wewe ulikuwa chumbani unalia mpaka mkeka unalowa, na mimi niko jikoni napika huku naimba. Nilijisikia naimba na sikunyamaza.

Nisamehe. Najua utasema umeshanisamehe, wewe una moyo mwepesi wa kusamehe, umeutoa kwa baba yako. Lakini uyasome tena maneno hayo siku nyingine ukiwa na hasira, kisha unisamehe ukiwa na hasira.

Baadaye ukaanza kuumwa. Kilichokushika kwenye treni kikawa kinakufuata kisimani, kanisani, hata kitandani. Hapo wimbo wangu ulikwisha. Unakumbuka tulivyozunguka. Mchungaji alikuombea, na usiku ule ulilala usingizi mzuri. Bibi Nyanjura, yule wa dawa za majani, alikufukiza, halafu akauliza mbele yangu, "Huyu mtoto nani alimtisha akiwa mdogo?" Nikajifanya nafunga kitenge changu vizuri. Daktari kule Mpanda alisikiliza moyo wako, akakupima malaria na damu. Akasema moyo ni mzima kabisa, ila damu imepungua, akakupa vidonge. Akasema pia, "Mama, moyo wake unakimbia kwa kuwa anaogopa, na anaogopa kwa kuwa moyo unakimbia. Vinafukuzana hivyo." Shangazi yako wa Magamba alisema tatizo ni chai ya rangi asubuhi na tumbo tupu, unywe uji. Baba yako alisema upewe jembe.

Mimi niliwakasirikia wote. Nilitaka mmoja awe na haki na waliobaki wawe wajinga, nijue pa kushika. Lakini kila mmoja alisaidia kidogo na hakuna aliyemaliza. Ulipokunywa vidonge ukaacha kuhema ukipanda kilima. Ulipokunywa uji asubuhi mikono ilitetemeka kidogo kuliko jana. Siku za kulima ulilala, siku za kukaa ndani hukulala. Siku za kwaya ulirudi na uso wako. Nikaanza kuelewa, polepole, mimi ni mzito, kwamba mtu hana chumba kimoja cha hofu mwilini ambacho ukikifagia umemaliza. Iko kwenye damu, iko tumboni, iko kwenye mawazo, iko kwenye maombi, iko katika yale ambayo mama yake alimfundisha bila kujua. Kila mmoja wao alikuwa ameshika pembe moja ya mkeka.

Na pembe yangu haikuwa na mtu. Nilikuwa nimeikalia.

Siku ile ya karanga wewe ndiye uliyeniinua. Tulikuwa tunabambua, ungo katikati yetu. Ukasema bila kuinua macho, "Mama, wewe moyo haukukimbii?"

"Moyo wangu?"

"Nyie wakubwa. Hamuogopi?"

Ningeweza kusema hapana. Nimesema hapana maisha yangu yote. Lakini mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimekuzaa tayari, nikawa najificha kwako wewe uliyetoka tumboni mwangu. Nikakueleza habari ya mashine. Nilieleza vibaya, nikarudia rudia, nikalia. Nilikuwa nangoja uniangalie kama mtu aliyetupwa. Ukabambua karanga mbili tatu. Halafu ukauliza, "Nililia?"

Nikasema, "Mama Sabina anasema hukulia. Alikukuta unakula unga."

Ukacheka. Uliinamia ule ungo ukacheka mpaka karanga zikamwagika, nami nikacheka na machozi yangu, baba yako akaja kuuliza kuna nini, nasi tukazidi kucheka. Sikuwa nimewahi kucheka juu ya jambo lile. Sikujua kwamba lina mahali pa kuchekea.

Sisemi kicheko kilikuponya. Wiki haikuisha ukashikwa tena, kule Makanyagio mjini Mpanda, tulipokwenda kukununulia viatu. Lakini safari hii ulinishika mkono ukasema, "Mama, imekuja." Mwaka jana usingesema, na mwaka jana mimi ningekukokota mbio kwenda nyumbani. Tukakaa kwenye baraza la duka moja. Sikujua la kufanya. Nilichokuwa nakijua ni kimoja tu, nacho sikukisoma popote: asubuhi nikiamka na moyo wangu juu, hutulia nikiwa jikoni, nikipuliza moto. Nilikuwa sijawahi kujiuliza kwa nini. Kuni mbichi huwezi kuzipuliza kwa pupa. Unavuta pumzi kidogo, unaitoa taratibu, ndefu, mpaka iishe, unasubiri, unarudia. Nikakuambia, "Puliza moto." Ukaniangalia. "Puliza, kuni ni mbichi." Tukakaa pale, mama na binti, tunapuliza vumbi la Makanyagio. Mwenye duka alituletea stuli na maji bila kuuliza, nadhani aliona tuna jambo la kwetu. Ikapanda, ikafika mwisho wake, ikashuka. Tukaenda tukanunua viatu, tena ukakataa vile nilivyovipenda mimi.

Hicho ndicho ninachotaka ukumbuke kuliko kauli zote: ilishuka yenyewe. Miaka yote mimi niliikimbia kabla haijafika mwisho, kwa hiyo sikupata kujua kwamba ina mwisho.

Itakuja tena, sitakudanganya. Huenda inakuja sasa hivi wakati unasoma, maana nataka usome haya treni ikishaondoka. Kama imekuja, usipigane nayo na usiitii. Weka miguu chini usikie behewa linavyotetemeka. Puliza moto. Na mwambie mtu. Mwaka jana nilikukataza kusema na watu, na huo ndio ushauri mbaya kuliko wote niliowahi kutoa chini ya jua. Tafuta mama mwenye mtoto, humo hawakosi, mwambie, "Mama, moyo wangu unakwenda mbio, nisemeshe kidogo." Atakusemesha mpaka Tabora, hutapata nafasi ya kufa.

Huko shuleni utamtafuta mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Mmoja atatosha kwa kuanzia. Ule, hata kama ugali wao ni mbaya. Uimbe, kwa sababu nimekuona, ukiimba pumzi yako inajua njia. Omba, lakini usijipime imani kwa mapigo ya moyo. Mtu anaweza kumwamini Mungu na magoti yakatetemeka, mimi nimefanya vyote viwili kwa pamoja miaka mingi. Na siku zikipita ukaona inazidi, inakunyima usingizi na masomo, nenda hospitali useme hivyohivyo. Mguu ungevimba ungekwenda.

Nimeanza kukuagiza. Naacha.

Mimi sijapona, Jenerosa. Redio ilipoanza tena kutoa habari za kwetu, na watu wapya wakawa wanaingia nchini kama tulivyoingia sisi, niliufunga mzigo upya kwa mafundo mawili, unakumbuka, na wiki nzima sikula. Hofu yangu haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya kweli kwa siku moja, kisha nikaifanya ya kila siku. Sina shamba langu wala ng'ombe wa kukuachia, nikakuachia hiyo. Watoto hawachagui urithi.

Leo baada ya chakula cha mchana, ulipokuwa umelala kidogo, nimeufungua. Mafundo yalikataa, nikatumia meno. Baba yako akasema ngoja alete kisu. Kisu kilikuwa ndani ya mzigo. Alikaa chini akacheka kimyakimya mpaka mabega yakatikisika, nami nikamtupia kopo. Tulipofungua, chumvi ilikuwa imegeuka jiwe. Nikajaribu kiberiti, njiti moja, ya pili, nikajaribu zote. Hakuna hata moja iliyowaka. Miaka yote hii nimelala nikitegemea kiberiti kile.

Gauni lilikuwa zima. Ni lile la bluu lenye kola nyeupe nililolinunua mnadani mwaka juzi, ukaliona mara moja tu kabla sijalifunga. Nimelifua, nimelianika upande wa nyuma usilione, nimelipiga pasi ya mkaa. Bado linanuka kiberiti kidogo ukiliweka puani. Nimekupima kiunoni kwa macho, naona litakukaa vizuri, limekuwa fupi kidogo tu. Nimelishonea mfuko ndani.

Kesho nitakuja stesheni, siwezi kukaa nyumbani, usinidai hilo. Lakini nitasimama mahali pamoja. Baba yako ameagizwa anishike kitenge kwa nyuma. Treni ikianza kutembea, wewe utakwenda, mimi nitabaki, na ukitazama nyuma utaniona nimesimama. Midomo yangu ikicheza, ujue napuliza.

Ukishindwa, rudi. Nasema kweli, rudi. Mlango huu leo umefunguka mpaka ukutani kwa mara ya kwanza, hakuna kitu nyuma yake kinachouzuia, na baba yako amekuwa akiufungua na kuufunga kama mtoto. Ukirudi nitakupokea begi, nitakupikia, nitakaa na wewe. Ila safari hii sitafurahi. Nilitaka ulijue hilo, kwamba iko sehemu yangu, si yote, iliyoanza kutaka uende.

Nakusikia. Unaimba pale kwa kina Sabina, na maharage yameungua, harufu itakufikia kabla yangu.

Haya, upesi. Leo usiku nitakupa gauni na kukuambia ulivae kesho, nawe utanikazia macho, halafu utauliza, "Na siku ile?" Sitaweza kukujibu mbele ya mdogo wako, ndiyo maana naandika. Karatasi hizi nazikunja na kuzitia katika ule mfuko wa ndani. Kwa hiyo mwana wanje, mwanangu, kama unasoma haya, umelivaa. Treni ina vumbi, chai itamwagika, na huko bwenini mtu ataliazima na kulirudisha limechanika. Mwache. Usilitunze.

Mama yako